Zawena Wawili, Faili Moja

Nchi ya Landano haimo kwenye ramani, na wakubwa wake wanaomba isitafutwe. Mimi nimewahi kukaa huko nikala chumvi yao, kwa hiyo nitasimulia mema yao tu, kama adabu inavyotaka.

Jema la kwanza ni Mfumo. Zamani kila hospitali ya Landano ilikuwa na makabati yake, na mgonjwa aliyehama mji alilazimika kueleza ugonjwa wake upya, tangu kikohozi cha utotoni. Serikali ikamwonea huruma. Ikaagiza kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima zimwagwe mahali pamoja, na mashine izipitie ijue nani ni nani. Faili la mtu wa mji huu likikutana na faili la mtu yuleyule wa mji ule, yashonwe yawe moja. Wazo zuri. Nililipigia makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Vifaa vya kusoma alama za vidole vilikuwa vimenunuliwa, ila vilikwama bandarini vikisubiri sahihi ya bwana mmoja aliyekuwa semina. Kwa hiyo mashine ililinganisha jina, jina la baba, jinsia, na tarehe ya kuzaliwa. Sasa, watu wengi wa Landano hawakuzaliwa kwa tarehe. Walizaliwa wakati wa kuvuna mtama, au msimu wa nzige, au siku ng'ombe wa jirani alipotumbukia kisimani. Makarani waliwasaidia wote kwa kuwaandikia mosi Julai. Mwaka haukuhesabiwa, kwa sababu wataalamu waligundua kwamba wanawake hudanganya umri.

Siku ya uzinduzi Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dakta Mabuga, alisimama mbele ya wageni na kutangaza kwamba usahihi wa Mfumo ni asilimia tisini na tisa nukta saba. Mwandishi mmoja wa habari akauliza umepimwaje.

"Tumeuuliza Mfumo kama umekosea," Waziri alisema kwa upole. "Umejibu haujakosea."

"Na hizo nukta tatu zilizobaki, Mheshimiwa?"

"Hizo ni wananchi wasiofanana na taarifa zao. Tunawashauri wajirekebishe."

Mwandishi yule siku hizi analima vitunguu, na nasikia vinamkubali.

Ili jambo jema lisichezewe, Bunge lilipitisha Sheria ya Faili Moja. Neno la Mfumo likawa la mwisho hospitalini, ofisini na mahakamani. Mganga atakayetibu kinyume cha faili, jela. Raia atakayesema yeye siye ambaye Mfumo umesema ndiye, jela vilevile, ila ya jirani.

*

Katika mji wa Kisarazo aliishi fundi cherehani aitwaye Zawena Mkumbukwa. Mumewe, Mikidadi, alikuwa seremala wa vitanda, mtu wa maneno machache na kucheka kwingi. Walikaa muda mrefu katika ndoa bila mtoto, mpaka mashangazi wakaanza kumtafutia Mikidadi mke wa pili bila kumwuliza. Kisha mimba ikaingia. Zahanati ya mtaani ikapima mkojo, ikaandika "mjamzito", na Mikidadi akaanza kuchonga kitanda kidogo.

Tumbo lilipokuwa kubwa, mkunga wa mtaani alimpapasa Zawena, kisha akampapasa tena.

"Mwanangu, mtoto amejilaza kukingama," alisema. "Huyu hatoki kwa kusukuma. Huyu ni wa kisu. Usikae nyumbani, nenda hospitali ukaandikishe mapema."

Zawena akaenda. Dirishani alimkuta muuguzi aitwaye Sista Eufrazia, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sista akaandika jina kwenye mashine, akasoma, akamwonea huruma.

"Pole sana, dada. Kizazi chako kilitolewa."

"Kizazi cha nani?"

"Chako. Hospitali ya Mbalale. Kilikuwa na uvimbe."

"Mbalale sijawahi kufika hata kwa msiba."

"Imeandikwa hapa kwa wekundu."

Zawena alilitazama tumbo lake. Sista naye akalitazama. Tumbo likatikisika upande wa kushoto, teke safi kabisa, mpaka kanga ikasogea.

"Umeona?" Zawena akauliza.

"Nimeona gesi," Sista alisema, akatupa jicho mlangoni. Kisha akashusha sauti. "Dada yangu, mimi nina watoto. Mwenzetu mmoja alimfunga plasta mguuni mtu ambaye faili lake linasema hana mguu. Mpaka leo yuko ndani."

Akamwandikia dawa ya gesi.

Msomaji mkorofi atauliza: si faili lilelile lilikuwa na neno "mjamzito" la zahanati? Lilikuwa nalo, chini kidogo. Lakini mtumishi hodari wa Landano hufundishwa kusoma mstari ule unaopunguza kazi, akiupata hufunga faili.

Zawena alipelekwa kwa Bwana Ndimbo, Afisa Mlinganishi wa mkoa. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na kwenye zulia kulikuwa na yeye, miguu mitupu, akinywa chai.

"Mama, Mfumo umelinganisha faili lako na la Zawena Mkumbukwa wa Mbalale, ukatoa alama tisini na saba kwa mia," Bwana Ndimbo alieleza. "Mimi tangu darasa la kwanza sijawahi kupata hata sitini. Nibishane nao kwa elimu gani?"

"Lakini mimi ndiye huyu hapa, na mtoto ndiye huyu!"

"Sikatai kwamba upo. Nasema upo pia Mbalale." Akapuliza chai. "Kutenganishwa inawezekana. Mje nyote wawili pamoja, mweke sahihi."

"Nikimleta, utatutenganisha?"

"Hapo ndipo pana ugumu kidogo. Ninyi ni mtu mmoja, na mtu mmoja haruhusiwi kuweka sahihi mara mbili. Hiyo ni kughushi."

Zawena alitoka pale kwa hasira. Nyumbani alimkuta Mikidadi akipiga msasa kile kitanda kidogo, akamwambia acha. Mikidadi hakuacha. Alipiga msasa mpaka mbao ikang'aa, ndipo akasema, "Kamtafute huyo mwenye jina lako. Huenda naye anakutafuta."

*

Mbalale ni wilaya ya milimani, mwendo wa mchana mzima kwa basi. Zawena wa pili hakuwa mgumu kupatikana, maana alikuwa mpishi wa shule na kila mtoto wa mji alikuwa amewahi kula mkononi mwake. Alikuwa mama mnene wa makamo, mjane, mwenye sauti ya kuvuka uwanja wa mpira. Alipoliona lile tumbo mlangoni kwake hakuuliza hata jina.

"Ndiwe!" alisema. "Ndiwe unayenipa mimba!"

Akamvuta ndani, akamketisha, akamweleza huku akimpepea. Yeye alikuwa na ugonjwa wa presha, wa kunywa vidonge kila siku. Tangu Mfumo uanze, hospitali ya Mbalale ilikuwa imemkatalia. Vidonge vile, walimwambia, havifai kwa mjamzito.

"Anayekaa dirishani pale ni Sekela, mtoto wa jirani yangu," Bi Zawena alisema. "Nikamwambia, we Sekela, si wewe uliyeniletea uji wodini nilipotolewa kizazi? Akasema, 'Najua, shangazi, lakini Mfumo haujui.' Kisha akanisema kwamba nimekuja kliniki tumbo limelala, simlishi mtoto vizuri."

Zawena alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akaeleza habari ya mtoto aliyekingama na neno la mkunga. Bi Zawena aliacha kupepea. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba, na jicho moja lilikuwa na damu.

Sasa angalieni wema wa Mfumo. Faili lilikuwa moja, na kwa faili hilo Kisarazo walimnyima mmoja uzazi kwa sababu mwenzake hana kizazi, na Mbalale wakamnyima mwingine dawa kwa sababu mwenzake ana mimba. Hakuna aliyependelewa.

"Mwanangu," Bi Zawena alisema, "Kisarazo wanasemaje? Kwamba huna kizazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na asiye na kizazi hana mimba. Na asiye na mimba anapewa vidonge vya presha."

Wakatazamana.

"Na hapa wanataka mwenye tumbo," Zawena akasema polepole.

"Hapa wanamlilia! Sekela atachinja kuku!"

Kesho yake walibadilishana. Zawena akabaki Mbalale katika nyumba ya Bi Zawena. Bi Zawena akapanda basi kwenda Kisarazo, akafikia kwa Mikidadi, ambaye alimpokea mzigo, akamwamkia, na kumwachia chumba. Asubuhi alisimama dirishani kwa Sista Eufrazia na kutaja jina. Sista alitazama faili, akamtazama mama huyu, akakumbuka tumbo lililopiga teke. Aliivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akahesabu vidonge, akampa.

Huko Mbalale, Sekela alipoliona tumbo la Zawena alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Hili linalingana!" alisema. Wakamwandikisha. Siku ilipofika wakampasua, wakamtoa mtoto wa kike aliyekuwa amejilaza kukingama kama alivyosema mkunga, akilia kwa ghadhabu, kamili. Daktari alisema wangechelewa kidogo wangewapoteza wote wawili. Zawena, akiwa bado na ganzi ya miguu, aliomba simu ampigie mumewe. Mikidadi alisikia kile kilio kwenye simu, akampa Bi Zawena simu. Bi Zawena akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

*

Jambo hili lingeishia hapo, lakini Mfumo hauli wala haulali. Mashine ikatoa taarifa wizarani: Zawena Mkumbukwa, asiye na kizazi, amejifungua Mbalale kwa upasuaji, na siku hiyohiyo amechukua vidonge vyake mwenyewe Kisarazo.

Katika nchi nyingine taarifa hiyo ingesababisha mtu kuogopa. Waziri Mabuga alifurahi. Aliona kwamba chini ya uongozi wake mwanamke aliyepoteza kizazi ameota kingine, na kwamba huduma zimesogea karibu na wananchi kiasi kwamba mzazi hutoka chumba cha upasuaji na kufika mkoa mwingine kuchukua dawa kabla jua halijazama. Akaagiza mwanamke huyo apewe medali, mbele ya wageni kutoka nje waliokuja kujifunza.

Mwaliko ulifika Kisarazo. Wakati huo Zawena alikuwa amerudi kwake na mtoto, na Bi Zawena bado yupo, maana Mbalale walikuwa wamefuta "mjamzito" na kuandika "ananyonyesha", na anayenyonyesha naye vidonge vile hapewi. Alikuwa amechoka kukaa kwa watu. Alitamani jiko lake na watoto wake wa shule.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Siku hiyo mtoto ana sindano, na wewe mshono haujakauka vizuri. Isitoshe nina ombi, na mwenye kuliweza ni huyo Waziri."

"Mama, wale si watu wa kuombwa," Zawena alisema.

"Mtu ni mtu, mwanangu. Nitamwambia kwa adabu."

Ukumbi ulikuwa na maua na viyoyozi. Waziri alihutubia mpaka maua yakasinyaa. Akamwita Bi Zawena jukwaani, akamvisha medali, akashangaa kidogo kuona mzazi mwenye mvi, lakini akalimeza. "Haya mama, toa neno moja la shukrani. Moja tu."

"Ahsante, Mheshimiwa, kwa kunialika," Bi Zawena alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Ila mimi sijazaa. Aliyezaa yuko Kisarazo, ana mwili wake na mumewe. Tuko wawili. Naomba mtutenganishe, nirudi kwangu nikanywe dawa zangu. Ni hilo tu."

Waziri akacheka kuelekea kwa wageni. "Furaha imemzidi. Mama, Mfumo unasema ninyi ni mmoja."

"Na faili lako wewe, Mheshimiwa, linasemaje?"

Viyoyozi vikasikika. Lazima nieleze, kwa nia njema, kwamba viongozi wote wa Landano walikuwa wameondolewa kwenye Mfumo kwa sababu za usalama wa taifa. Wakiugua hutibiwa ng'ambo, katika hospitali ambako daktari bado humwuliza mgonjwa jina lake.

"Huna," Bi Zawena alisema, akiwa ameyasoma majibu kwenye nyuso zao. "Mimi ni mpishi wa shule, Mheshimiwa. Chungu nisichokionja mwenyewe, siwapakulii watoto wa watu."

Mgeni mmoja alipiga makofi akidhani ni sehemu ya ratiba. Televisheni ilikuwa ikirusha moja kwa moja. Bi Zawena alikamatwa akiwa bado na medali shingoni.

*

Shtaka lilikuwa kumdhalilisha Waziri akiwa katika mavazi rasmi. Akiwa mahabusu aliomba vidonge vyake. Askari wakafungua faili, wakakuta "ananyonyesha".

"Namnyonyesha nani humu?" aliuliza.

"Hilo utajua wewe," walimjibu.

Hawakumpa. Alikaa hivyo, kichwa kikimgonga, akiimba ili asisikie mapigo yake mwenyewe. Asubuhi moja wenzake wa mahabusu walimkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Walipiga kelele. Askari alileta maji.

Zawena alipofika kumwona, na kumkuta vile, alishika nondo za mlango. Bi Zawena alijaribu kutabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki.

"Mtoto... kachanjwa?" aliuliza kwa tabu.

"Amechanjwa, mama. Siku ileile. Alilia kidogo tu."

Ni hapo Zawena alipotulia. Alirudi nyumbani akiwa na neno moja kichwani, na hakumwambia mtu ila Mikidadi.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Hakimu aliitwa Pendaeli, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu na aliyekuwa akiihesabu kwa uangalifu. Mwendesha mashtaka alieleza jinsi mshtakiwa alivyomdhalilisha Waziri asubuhi ile, ukumbini, makao makuu. Bi Zawena aliketishwa, maana hakuweza kusimama.

Hakimu akauliza kama kuna mwenye neno. Zawena akanyanyuka, mtoto mgongoni. Alijua kwamba akisema "mimi ni mwingine" atafungwa palepale.

"Mheshimiwa Hakimu, mimi sina neno," alisema. "Naomba tu faili la Zawena Mkumbukwa lisomwe, la asubuhi ile."

Hakimu hakuona ubaya. Karani akafungua mashine, akasoma kwa sauti: asubuhi ile Zawena Mkumbukwa alihudhuria kliniki ya watoto Kisarazo, akiwa na mtoto wa kike, mtoto akachomwa sindano pajani.

Watu wakaanza kunong'ona. Mwendesha mashtaka akaruka. "Mheshimiwa, huyo alikuwa mtu mwingine!"

"Unasema Mfumo umekosea?" Hakimu Pendaeli akauliza, akichukua kalamu.

Mwendesha mashtaka akaketi.

"Basi," Hakimu akasema, "ama Mfumo umekosea, ama mama huyu hakuwa ukumbini. Aitwe Waziri."

Waziri Mabuga akaitwa. Alipanda kizimbani na wasaidizi wake, mmoja wa kumshikia maji na mmoja wa kumshikia kitambaa. Wale wageni wa nje walikuwa wamekaa mstari wa mbele, kalamu mkononi. Nchi yao ilikuwa inafikiria kuununua Mfumo.

"Mheshimiwa Waziri, mwanamke huyu alikudhalilisha?"

Waziri aliwatazama wageni. Alimtazama Bi Zawena, mdomo wake uliopinda, mkono uliolala mapajani, na medali ambayo hakuna aliyekumbuka kumvua.

"Sijawahi kumwona," alisema.

"Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni."

"Televisheni haijahakikiwa na Mfumo. Hakuna aliyenidhalilisha. Kwa kweli sidhani kama hata mimi nilikuwepo."

Bi Zawena aliachiwa huru mchana huo. Waziri akapongezwa kwa kuulinda Mfumo, akapandishwa, na sasa anasimamia elimu, ambako nasikia ameanza kulinganisha wanafunzi.

*

Mikidadi alimbeba Bi Zawena mgongoni toka mlango wa mahakama hadi stendi, na hakukubali kusaidiwa. Kisarazo, alimchongea kitanda cha chini chenye mshikio wa kujinyanyulia. Hospitali ilikataa kumtibu mkono. Faili lilisema Zawena Mkumbukwa amefaulu kliniki ya baada ya uzazi, mikono na miguu mizima.

"Walikuachia, mama," Zawena alimwambia akimlisha uji. "Tuliwashinda."

"Wameniachia," Bi Zawena alisema, maneno yakimtoka nusunusu. "Kushinda... sijui. Mkono huu ndio niliopikia." Akageuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Zawena alimsikia akilia.

Wiki ile, jioni, mlango wa uani uligongwa. Alikuwa Sista Eufrazia, bila sare, na mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakueleza lililomleta. Aliuliza mgonjwa yuko wapi, akapiga magoti kando ya kitanda cha chini, akaushika ule mkono uliolala na kuanza kuukanda kuanzia begani.

Bi Zawena alimtazama kwa mashaka. "Mimi si yule uliyemwandikia gesi," alisema kwa taabu. "Mimi ni Zawena wa Mbalale. Mpishi."

"Najua wewe ni nani," Sista alisema. "Inua kidole."